Makadirio yalisema elfu mbili, mibofyo ikaja thelathini

Ujumbe huu huwa naupata kwa sura mbalimbali, lakini kiini chake ni kimoja. Kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro, ofisi ipo Moshi, imefungua akaunti ya Google Ads. Mwenye kampuni ameingia Keyword Planner, zana ya Google Ads inayoonyesha neno hutafutwa mara ngapi, ameona neno analolitaka linatafutwa maelfu ya mara kwa mwezi, akapiga hesabu, akatenga fedha. Mwezi umekwisha, mibofyo ni thelathini na kitu, na aliyeandika kuuliza bei ni mmoja. Anauliza: takwimu zile zilitoka wapi?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu katika kampuni za namna hii fedha ya matangazo hutoka mfuko uleule unaolipa wapagazi na wapishi wa mlimani. Na baada ya kuchunguza akaunti nyingi za utalii, naona kwamba mara nyingi namba haikuwa ya uongo. Ilijibu swali lingine. Mwenye kampuni aliuliza, "Wageni wangapi watabofya tangazo langu mwezi ujao?" Keyword Planner ikamjibu, "Neno hili, kwa wastani wa miezi 12 iliyopita, katika nchi uliyoichagua, lilitafutwa takribani mara hizi." Kutoka jibu lile hadi mbofyo mmoja kuna ngazi kadhaa, na kila ngazi hupunguza watu. Utatuzi ni kujua wamepungukia ngazi ipi.

Kwanza hakikisha unasoma namba gani

Ndani ya Keyword Planner kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni wingi wa utafutaji, yaani historia. Hiki hakijui dau lako (kiasi unachokubali kulipa kwa mbofyo), bajeti yako wala ubora wa tangazo lako, na ukibadilisha aina ya ulinganifu, yaani alichoandika mtafutaji kikaribiane kiasi gani na neno lako, namba haibadiliki. Cha pili ni utabiri, ambao huzingatia dau, bajeti, aina ya ulinganifu na eneo. Google wanaeleza kwamba utabiri huu husasishwa kila siku, hutegemea siku 7 hadi 10 zilizopita, kisha hurekebishwa kwa kuzingatia majira.

Kwa hiyo mtu akiniambia "Google walisema 2,400," namwomba picha ya skrini kabla ya jambo lingine lolote. Kama 2,400 ni wingi wa utafutaji, hakuna aliyemwahidi mibofyo.

Dalili: unaona safu pana, kama 1K – 10K (elfu moja hadi elfu kumi)

Chanzo ni akaunti yenye matumizi madogo. Tangu 2016 akaunti za namna hiyo huonyeshwa safu badala ya namba. Tatizo lake ni kwamba mwisho wa safu ni mara kumi ya mwanzo wake. Aliyepanga bajeti kwa kuchukua katikati, tuseme 5,000, huenda anashughulika na neno linalotafutwa mara 1,200.

Ukishakuwa na kampeni inayotumia fedha kwa uthabiti, safu hugeuka namba. Kabla ya hapo, ingia upande wa utabiri, weka neno kwa ulinganifu kamili, yaani ndani ya mabano ya mraba, kisha panga dau kubwa kuliko ambalo ungelilipa kweli. Maonyesho yatakayotabiriwa, yaani mara ambazo tangazo litaonekana, yatakusogeza karibu na ukubwa halisi wa neno. Si kipimo safi, maana yanahesabika tu matafuto ambayo tangazo lingeweza kuingia, lakini ni bora mara nyingi kuliko safu.

Hata namba ikionekana kamili, jua imekadiriwa kwa ngazi. Utakutana na 1,000, kisha 1,300, 1,600, 1,900, 2,400, 2,900. Hutakutana na 2,100. Neno likipanda kutoka 1,900 kwenda 2,400, jedwali linaonyesha ongezeko la asilimia 26, kumbe huenda matafuto machache tu yamelivusha mpaka wa ngazi. Usimwambie bosi kwamba soko limekua kwa robo.

Dalili: maneno manne, namba ileile

Hili ndilo kosa ninaloliona likigharimu zaidi, na ni rahisi kulikamata. Mtu anaorodhesha maneno ambayo mgeni wa Marekani au Uingereza angeandika: "climb kilimanjaro", "kilimanjaro climb", "climbing kilimanjaro", "climb mount kilimanjaro". Tuseme yote yanaonyesha 2,400. Anajumlisha anapata 9,600, na bajeti inajengwa juu ya 9,600.

Google huweka maneno yanayokaribiana katika kundi moja na kuonyesha jumla ya kundi kwenye kila neno. Ukijumlisha, umehesabu watu walewale mara nne. Ni sawa na kuuliza abiria wa basi moja wako wangapi kwa kusimama kwenye kila dirisha na kuhesabu upya.

Kipimo ni kutazama safu wima ya miezi. Maneno mawili yakiwa na namba sawa mwezi kwa mwezi, kuanzia Januari hadi Desemba bila kutofautiana hata mara moja, yachukulie kuwa kundi moja na ubaki na neno moja katika hesabu. Yakitofautiana hata miezi miwili mitatu, kuna uwezekano ni maneno mawili kweli. Mimi hupanga jedwali kwa kufuata wingi kutoka mkubwa hadi mdogo, na makundi hujitokeza yenyewe.

Kuna upande wa pili wa jambo hilihili, na huwashangaza waliozoea Google Ads ya zamani. Tangu 2018 ulinganifu kamili hukubali hata matafuto yenye maana ileile kwa maneno tofauti. Basi huweza kutokea kampeni ikapata maonyesho mengi kuliko wingi ulioonyeshwa. Hapo hakuna hitilafu. Fungua ripoti ya maneno yaliyotafutwa uone wageni wameandika nini hasa, ukikumbuka kwamba tangu Septemba 2020 ripoti hiyo huacha matafuto yaliyofanywa na watu wachache, hivyo jumla ya mibofyo iliyotajwa humo itakuwa pungufu ya jumla ya kampeni.

Dalili: maonyesho ni machache mno ukilinganisha na matafuto

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu vyanzo ni vingi na vinaweza kushirikiana. Navipitia kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Naanza na nchi. Akaunti iliyofunguliwa Tanzania hupendekezewa Tanzania, na mtu akipita haraka atakuwa amesoma wingi wa Tanzania kwa bidhaa inayonunuliwa na watu wa Marekani, Ujerumani na Uingereza. Au kinyume chake: amesoma wingi wa dunia nzima, kisha kampeni ameielekeza nchi mbili. Weka picha mbili za skrini sambamba, ya Keyword Planner na ya mipangilio ya kampeni, ulinganishe nchi, lugha na mtandao. Zikitofautiana, acha kutafuta chanzo kingine mpaka uzifananishe.

Papo hapo tazama mpangilio wa mahali. Kampeni mpya huja ikiwa imechagua watu waliopo mahali fulani pamoja na wale wanaoonyesha kupendezwa na mahali hapo. Anayetangaza Tanzania kwa mpangilio huo anaweza kuonekana na mtu aliyekaa Chicago anayesoma kuhusu Tanzania, jambo ambalo huenda ndilo analolitaka. Lakini lazima awe amelichagua kwa kujua.

Baada ya hapo, ratiba ya saa. Ratiba ya matangazo hufuata saa za akaunti, si saa za anayetafuta. Kampuni ya Moshi inapanga tangazo lionekane saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ili kuwe na mtu wa kujibu ujumbe. Ni wazo lenye nia njema kabisa. Ila saa hizo, wakati wa baridi kule New York, ni kuanzia saa sita usiku hadi saa nne asubuhi. Wakati wa kiangazi chao ni saa saba usiku hadi saa tano asubuhi. Tangazo limewaka wakati mteja amelala, likazimwa kabla hajapata chakula cha mchana. Kwa mteja wa California hali ni mbaya zaidi. Wingi wa utafutaji ulihesabu siku nzima yenye saa 24. Wewe umenunua kipande ambacho watafutaji ni haba.

Kisha bajeti na nguvu ya tangazo. Hapa huhitaji kubahatisha, Google Ads inatoa kipimo kinachoitwa mgao wa maonyesho: kati ya mara zote ambazo tangazo lako lingestahili kuonekana, limeonekana asilimia ngapi. Ongeza safu wima hiyo, pamoja na mbili zinazoonyesha mgao uliopotea, moja kwa sababu ya bajeti na nyingine kwa sababu ya daraja la tangazo.

Mfano wa hesabu tu: umepata maonyesho 240, na mgao ni asilimia 20. Gawa 240 kwa 0.20 upate 1,200. Hizo ndizo nafasi zilizokuwepo kwa mipangilio yako, na namba hii ina thamani kuliko makadirio yoyote kwa sababu imetoka kwenye minada ya nafasi za matangazo ambayo wewe mwenyewe ulistahili kuingia. Kama Keyword Planner ilisema 1,900, pengo la 700 lina maelezo: ratiba, au matafuto ambayo hayakuonyesha tangazo lolote. Kama ilisema 1,900 na wewe unapata nafasi 90, rudi kwenye nchi na lugha.

Mgao ukipotea kwa bajeti, ama ongeza fedha, ama punguza maneno yabaki machache yenye uhakika. Mimi huchagua kupunguza maneno. Mgao ukipotea kwa daraja, fedha pekee haitakuokoa: daraja hutokana na dau pamoja na ubora wa tangazo na ukurasa ambao mgeni anafikia. Ukurasa unaochukua sekunde kumi kufunguka na usiotaja bei wala njia ya kupanda, Machame au Lemosho au Rongai, utaendelea kulipa zaidi na kuonekana kidogo. Jihadhari pia na alama ya chini ya asilimia 10, inayoandikwa "< 10%". Huwezi kugawa kwa alama hiyo. Inaweza kuwa asilimia 9 au asilimia 1, na majibu yatatofautiana mara tisa.

Kuhusu bajeti ya siku, usiogope ukiona siku moja imetumia karibu mara mbili ya ulichopanga. Google wanaruhusu hilo, na kwa kampeni za kawaida hukomea kwenye bajeti ya siku mara 30.4 kwa mwezi. Ndiyo maana kulinganisha makadirio na siku moja hakuna maana.

Dalili: maonyesho ni tele, lakini mibofyo haiji au inakuja ya watu wasiohusika

Namba kubwa ya neno huenda ni ya watu wanaotafuta kitu kingine chenye jina hilohilo. Sekta yetu ya utalii inateseka sana na hili. "Safari" ni kivinjari cha Apple tangu 2003, na ni bia pia. "Kilimanjaro" ni mlima, mkoa, uwanja wa ndege, bia na jina la hoteli. "Serengeti" ni hifadhi na ni bia. Ukichukua "simba" kwa Tanzania, wengi wanatafuta matokeo ya mechi ya klabu, si mnyama.

Keyword Planner haigawi namba kwa kufuata nia ya mtafutaji. Hilo ulifanye mwenyewe: fungua Google katika nchi unayoilenga kupitia zana ya kukagua matangazo iliyomo kwenye akaunti, utazame ukurasa wa kwanza umejaa nini. Kama ni programu za simu na mechi, wingi ule si wako. Ongeza maneno ya kuzuia, yaani yale ambayo yakitafutwa tangazo lako lisionekane, mapema, kabla hujalipa: uwanja wa ndege, bia, hali ya hewa, ramani, picha za kupakua. Na uandike pia umoja na wingi wake, kwani maneno ya kuzuia hayajipanui kwenye maana zinazokaribiana kama maneno ya kawaida yanavyofanya.

Neno refu lenye wingi mdogo mara nyingi huleta mteja. Anayeandika "lemosho route 8 days price" amekwishajua mlima, njia, siku, na sasa anatafuta bei. Wingi wake utaonekana mdogo kiasi cha kudharaulika. Usilidharau.

Dalili: mwezi huu makadirio yalilingana, mwezi uliofuata yameporomoka

Wastani wa miezi 12 huficha mlima na bonde. Mfano ulio wazi kwa Mtanzania yeyote ni matokeo ya kidato cha nne: mitihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari, na utafutaji hulipuka siku zile chache. Ukigawa mlipuko ule kwa 12 utapata wastani usiofanana na mwezi wowote halisi.

Kilimanjaro ina majira yake: kiangazi cha Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na cha Juni hadi Oktoba. Lakini tarehe ya kupanda si tarehe ya kutafuta. Mtu wa Ulaya anahitaji likizo, tiketi, mazoezi. Basi usipange bajeti kwa kalenda ya mlima. Tazama namba za mwezi kwa mwezi za miaka miwili mitatu nyuma, kisha ulinganishe na Google Trends. Ila Trends hutoa kipimo cha 0 hadi 100 kinacholinganisha muda na muda, hakitoi idadi ya matafuto.

Bidhaa zinazofuata Ramadhani zina shida ya pekee, kwa kuwa mwaka wa Hijria unatangulia kwa siku 10 au 11. Mwaka 2025 mfungo uliangukia karibu wote Machi. 2026 ulianza kwenye nusu ya pili ya Februari. Anayeuza tende Zanzibar au Mombasa akilinganisha Machi na Machi, ataona mahitaji "yameshuka", kumbe yamehama.

Na yapo mambo ambayo wastani hauwezi kuyajua. Machi 2020, mipaka ilipofungwa, wastani wa miezi 12 ulikuwa bado umebeba miezi kumi na zaidi ya dunia iliyokuwa ikisafiri. Aliyeangalia namba peke yake angeendelea kutenga fedha. Panapotokea jambo kubwa namna ile, weka kipindi cha takwimu kiwe mwezi wa mwisho peke yake na uache wastani.

Dalili: neno la Kiswahili linaonyesha kistari au sifuri

Msiache kutangaza kwa Kiswahili kwa sababu hii. Sisi hatuna namna moja ya kuandika tunapotafuta. Mmoja ataandika "bei ya kupanda mlima kilimanjaro", mwingine "gharama za kupanda kilimanjaro", wa tatu atachanganya Kiingereza katikati, wa nne atafupisha kama anavyoandika ujumbe wa simu. Kila kipande ni kidogo kiasi cha kuzama chini ya ngazi ya kwanza, lakini vyote ni wateja. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba karibu asilimia 15 ya matafuto ya kila siku hayajawahi kuonekana kabla.

Ukiweka vipande hivyo kimoja kimoja kwa ulinganifu kamili, vitapewa hali ya utafutaji mdogo na kusimamishwa. Tumia ulinganifu wa kifungu au mpana, ambao ni legevu kuliko ulinganifu kamili, kwenye maneno machache ya msingi, na usome ripoti ya maneno yaliyotafutwa kila wiki. Kwenye lugha chagua lugha zote, kwa sababu simu nyingi za watu wetu zimepangwa kwa Kiingereza hata kama mwenyewe anaandika Kiswahili. Na kama una tovuti, chanzo bora ni Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti: inahifadhi miezi 16 ya maneno yaliyoleta maonyesho ya tovuti yako. Nimeona maneno yanayodaiwa kuwa sifuri yakiwa na maonyesho kila wiki humo.

Dalili: bei ya mbofyo haifanani na iliyoonyeshwa

Bei mbili ambazo Keyword Planner huonyesha kwa nafasi ya juu ya ukurasa ni mipaka: ile ya chini ni kiasi ambacho asilimia 20 ya waliopata nafasi ya juu walilipa chini yake, ile ya juu ni kwa asilimia 80. Hufuata eneo ulilochagua, hivyo bei uliyoisoma ukiwa umeweka Tanzania haikuambii chochote kuhusu mnada wa Marekani. Na neno "ushindani: mdogo" linahusu wingi wa watangazaji, si urahisi wa kupata mteja.

Jaribio dogo kabla ya fedha kubwa

Ukimaliza kukagua, pata namba zako mwenyewe. Chukua maneno matano, ulinganifu kamili, nchi moja, saa zote 24, washirika wa utafutaji (tovuti nyingine zinazoonyesha matangazo ya Google) wamezimwa. Weka bajeti inayotosha maneno hayo matano yasiishiwe mchana. Acha wiki mbili bila kugusa. Kila ukibadilisha dau umeanza upya.

Usitoe hukumu kwa namba ndogo. Ukitarajia mibofyo 10 ukapata 6 au 14, bahati peke yake inatosha kuleta tofauti hiyo. Kadiria kwa kipeuo cha pili cha matarajio, ukizidishe mara mbili: kwa matarajio ya 100, kutofautiana kwa 20 huku au kule ni kawaida, kwa matarajio ya 10, kutofautiana kwa 6 ni kawaida. Makadirio ya 10 yakileta 2, hapo kuna jambo.

Mwisho wa wiki mbili, kwa kila neno gawa maonyesho kwa mgao upate nafasi zilizokuwepo, zidisha kwa 2.17 uifikishe kwenye mwezi, kisha gawa kwa wingi uliopewa na Keyword Planner wa mwezi huohuo. Tuseme unapata 0.6. Andika 0.6 pembeni ya neno hilo pamoja na nchi na tarehe. Safari ijayo Keyword Planner ikikuonyesha neno la jamii hiyohiyo katika nchi ileile, zidisha kwanza kwa 0.6, halafu kwa mgao unaoumudu, halafu kwa kiwango chako cha kubofywa (asilimia ya maonyesho yanayoleta mbofyo), ndipo upeleke namba kwa anayelipa.